Alama Ileile, Sababu Mbalimbali: Kuwapima Vijana Wenye Maradhi Adimu ya Ubongo

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wanaoleta vijana wao kupimwa hapa Malindi ni kama mtoto ni mzembe au ni mgonjwa. Wana haki ya kuuliza, kwa sababu wengi wa vijana hawa wanatembea, wanazungumza na hutumwa dukani wakarudi na chenji kamili, ila shuleni mambo yamekwama na mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi hana bidii. Ndani ya bahasha ya kahawia mna picha ya ubongo iliyopigwa Mombasa, pamoja na karatasi yenye jina refu la ugonjwa ambalo hata daktari aliyewapa rufaa hulikuta kwa nadra. Picha imeonyesha palipo na hitilafu. Kijana anaweza nini, anashindwa nini, na anashindwa kwa njia gani, ni maswali ya tathmini ya nyurosaikolojia, na ndiyo kazi ninayotaka kuieleza hapa.

Ugumu wa kwanza ni kwamba jina la ugonjwa adimu halitabiri mengi. Chukua tuberasi sklerosisi, maarufu kwa kifupi TSC, ugonjwa wa kurithi au wa jeni iliyobadilika yenyewe, ambao huota vivimbe katika ubongo, figo, moyo na ngozi, na hukadiriwa kumpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 6,000 wanaozaliwa. Karibu nusu ya wenye TSC wana akili ya kiwango cha kawaida, na waliobaki wana ulemavu wa akili wa viwango tofauti. Vijana wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza kuingia chumbani kwangu, mmoja akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne na mwingine hajawahi kutamka sentensi. Hata yule wa kwanza anaweza kuwa na tatizo la kuzingatia au la kupanga kazi ambalo halionekani katika mazungumzo. Kwa sababu hiyo wataalamu, akiwemo Petrus de Vries wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walitengeneza orodha ya maswali iitwayo TAND, inayopitia tabia, hisia, akili, masomo, uwezo mahususi wa ubongo na maisha ya jamaa. Inapendekezwa ipitiwe kila mwaka, na tathmini kamili ifanywe katika vipindi maalumu vya umri, ujana ukiwa mmojawapo. Kwa maoni yangu hakuna orodha nyingine ya maradhi haya inayofaa zaidi mahali penye wataalamu wachache, kwani hata muuguzi aliyefunzwa anaweza kuiendesha.

Ugumu wa pili ni wa kulinganisha. Vipimo vingi vya akili vimepangwa ili wastani uwe 100, na takriban watu 68 kati ya kila 100 waangukie kati ya 85 na 115. Watu hao ni akina nani? Mara nyingi ni watoto wa Marekani au Uingereza. Eneo letu limebahatika kuliko mengi: kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo Kilifi tangu mwaka 1989, na watafiti kama Penny Holding na Amina Abubakar wamefanya kazi kubwa ya kurekebisha na kubuni vipimo kwa watoto wanaozungumza Kigiriama na Kiswahili. Kwa watoto wadogo tuna pa kushika. Kwa kijana wa miaka 16 mwenye ugonjwa wa nadra, ambaye alianza chuo cha Kurani kabla ya shule na akakosa mihula kadhaa kwa sababu ya kifafa, hakuna kundi popote duniani linalofanana naye. Hivyo mimi humlinganisha na nafsi yake: uwezo wake huu dhidi ya uwezo wake ule, na mwaka huu dhidi ya mwaka uliopita.

Nitoe mfano wa kijana mmoja, ambaye kwa hakika ni vijana kadhaa niliowachanganya ili asitambulike yeyote. Ana miaka 15, na kopasi kalosamu yake, yaani mkanda mnene wa nyuzi za neva unaounganisha nusu mbili za ubongo, haikuumbika tangu tumboni. Namwekea mezani mchoro ambao André Rey wa Uswisi aliutoa mwaka 1941: mstatili mkubwa, mishazari inayokatana ndani yake, pembetatu ubavuni, msalaba, duara lenye nukta tatu, na mistari mingine midogo isiyo na maana yoyote. Una sehemu 18, kila moja ina alama mbili, jumla 36. Kazi ya kwanza ni kuunakili huku ukiwa mbele yake. Kila baada ya muda mfupi mimi humbadilishia kalamu, nyekundu, kisha bluu, kisha kijani, ili karatasi inieleze alianzia wapi.

Kijana alianza na duara. Aliziweka nukta zake tatu kwa uangalifu mkubwa, akahamia kwenye mistari midogo sambamba, akashuka hadi kwenye msalaba. Mstatili, ambao watu wengi wa umri wake huuchora kwanza, ulijitokeza mwishoni kwa rangi ya kijani, umeungwaungwa kwa vipande visivyokutana pembeni. Alama zake za kunakili hazikuwa mbaya, kwa kuwa karibu kila kitu kilikuwapo. Baada ya nusu saa nilipomwomba auchore tena bila kuutazama, alichora duara, nukta na msalaba, akaweka kalamu chini. “Ni hayo tu, daktari.” (Mimi si daktari wa dawa, lakini hapa Malindi anayekaa nyuma ya meza hospitalini huitwa daktari, nami nimeacha kubishana.)

Anayesoma alama peke yake ataandika kwamba kumbukumbu ya kijana ni mbovu. Rangi zinanipa dhana nyingine, kwamba mchoro hakuwahi kuuona kama kitu kimoja, na kwa hiyo hapakuwa na umbo la kukumbuka. Dhana hupimwa, haiandikwi tu. Kwanza nilimsomea orodha ya maneno 15, mara tano, kila mara akirudia aliyoyashika. Aliongeza maneno kila raundi, na nusu saa baadaye karibu yote alikuwa nayo, dalili kwamba ghala la kumbukumbu liko salama. Siku ya pili nilimpa mchoro mwingine wa aina ile, safari hii nikimwonyesha hatua kwa hatua: fremu kwanza, mistari mikubwa ya ndani baadaye, vidude vya pembeni mwisho. Nusu saa ilipopita aliurudisha vizuri kuliko ule wa kwanza, kwa mbali sana. Mwalimu wa kijana kama huyu haambiwi amwongezee mazoezi ya kukariri. Anaambiwa aandike ubaoni vichwa vya somo kabla ya kuanza kulieleza, na katika insha ampe mifupa ya aya ndipo adai nyama.

Wapo vijana ambao matokeo yao huenda kinyume. Katika orodha ileile ya maneno 15 mmoja hukumbuka manne tu, lakini ukimsomea maneno mengi yaliyochanganywa huyatambua karibu yote. Yameingia, ila njia ya kuyatoa ina matatizo, na maswali ya kuchagua jibu yatamfaa kuliko ya kujieleza. Mwingine hayakumbuki wala hayatambui. Hapo nina wasiwasi juu ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya. Mwaka 1997 Faraneh Vargha-Khadem na wenzake wa London walieleza habari za vijana watatu ambao hipokampasi zao ziliharibika mapema maishani. Vijana hao walisoma katika shule za kawaida, walijua kusoma na kuandika na walikuwa na maarifa ya jumla ya kuridhisha, lakini hawakuweza kusimulia walichokifanya siku hiyohiyo wala kukumbuka miadi. Kipimo cha akili cha jumla pekee kingewapitisha, na lawama ya uzembe ingebaki.

Kila kipimo huuliza mambo mengi kwa wakati mmoja, na hapa pwani baadhi ya mambo hayo hayakukusudiwa na aliyekitunga. Kurudia tarakimu ni mfano mzuri. Tangu utafiti wa Alan Baddeley na wenzake mwaka 1975 inajulikana kwamba maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa hushikika machache zaidi katika kumbukumbu ya muda mfupi. Kwa Kiswahili kila tarakimu kuanzia moja hadi tisa ina silabi mbili, ilhali kwa Kiingereza, ukiondoa ile ya saba, zote ni za silabi moja. Kumpima kijana kwa Kiswahili na kumhukumu kwa jedwali la Kiingereza ni kumdhulumu kabla hajaanza. Kuna pia kipimo cha kuchora saa, ambacho desturi yake ni kuweka mishale kwenye saa tano na dakika kumi. Mtego wake wa asili ni kwamba neno kumi huvuta mshale mrefu kwenye tarakimu 10 badala ya 2. Kwa Kiswahili mitego imekuwa miwili, kwa kuwa neno tano nalo huvuta mshale mfupi kwenye 5 wakati mahali pake ni 11. Kijana anayeingia mitego yote miwili huenda ana tatizo la kujizuia, na huenda hajawahi kutumia saa isiyo ya simu. Picha za kupanga hadithi nazo huwachanganya wapimaji wageni, kwani aliyezoea msahafu anaweza kuzipanga kuanzia kulia, hadithi ikawa sahihi kabisa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji karatasi: taja samaki wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kijana wa familia ya wavuvi hutiririka kwa mafungu, wa mshipi wakija pamoja, nguru, kolekole, jodari, kisha anahamia kwa wa dema, yaani mtego wa kusuka, tafi, changu, tewa. Ukubwa wa kila fungu unanieleza hazina ya maneno, na wepesi wa kuruka kutoka fungu moja hadi jingine unanieleza sehemu ya mbele ya ubongo inavyosimamia kazi. Anayetaja sita wa mshipi kisha akanyamaza sekunde 40, huku nikijua nyumbani hula tafi kila wiki, hajakosa maneno. Amekwama kwenye fungu.

Kabla ya kulaumu ubongo huwa napitia mambo ya kawaida, na hapa sina mzaha. Masikio na macho hupimwa kwanza. Katika ugonjwa ambao William Landau na Frank Kleffner waliueleza mwaka 1957, mtoto aliyekuwa akizungumza vizuri huacha kuelewa maneno hata akadhaniwa kiziwi, kumbe masikio ni mazima na hitilafu ni umeme wa ubongo, ambao huonekana zaidi akiwa usingizini. Dawa za kifafa huulizwa jina na kipimo. Fenobabitali inaweza kupunguza uangalifu, na topirameti hufahamika kwa kuwafanya watu watafute maneno. Kijana akinyamaza katikati ya tarakimu, macho yakaganda sekunde chache, kisha akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, nasimamisha saa na kuandika, kwa maana hicho huenda kilikuwa kifafa cha kuzubaa. Wanaotoka Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe kisha wakakaa kwenye basi kwa saa nyingi, na kukosa usingizi huchochea kifafa. Nawaomba walale kwa jamaa au wenyeji wao mjini, tuanze asubuhi ya siku ya pili. Mwezi wa Ramadhani sipimi anayefunga, isipokuwa jambo likiwa la dharura.

Tathmini ya pili, baada ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi hunifunza zaidi kuliko ya kwanza, na ndiyo inayowatisha wazazi bila sababu. Tuseme kijana alipata majibu sahihi 24 mwaka juzi na 28 mwaka huu, lakini alama yake ya kulinganishwa na rika imeshuka kutoka 88 hadi 79. Mama anaona 79 analia. Kijana hajarudi nyuma. Amejifunza, ila wenzake wamejifunza kwa kasi zaidi, na hilo hutokea sana umri wa kuingia gredi ya 7, masomo yanapoongezeka na kila somo likawa na mwalimu wake. Lakini majibu sahihi yenyewe yakishuka kutoka 24 hadi 17, hiyo ni habari nyingine kabisa, na simu kwa daktari wa neva hupigwa siku hiyohiyo. Kuna maradhi, kama ugonjwa wa ubongo uitwao SSPE unaotokea miaka kadhaa baada ya surua, ambayo dalili yake ya awali inaweza kuwa kuporomoka kwa masomo na mabadiliko ya tabia kabla viungo havijaanza kushtuka.

Ndiyo maana ripoti yangu huwa na idadi ya majibu sahihi, lugha iliyotumika katika kila kipimo, dawa alizokuwa akimeza, na saa tuliyoanza, pamoja na alama zile ambazo kila mtu hukimbilia. Nakala moja ni ya familia, nyingine ya daktari. Ya shule huipeleka mzazi kwa hiari yake, na ikibidi huifikisha kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC, ili kijana aombewe muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa. Kijana mwenyewe namweleza matokeo yake kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa ridhaa ya wazazi, mlango ukiwa wazi na karatasi yake ya rangi tatu ikiwa mezani. Wengi huuliza swali moja tu, kwamba je, darasani wataambiwa. Huwa namjibu kwamba mwalimu ataambiwa namna ya kumfundisha, na jina la ugonjwa atalitaja kijana mwenyewe akitaka.