"Utamzoesha mikono"

Juzi saa tatu usiku nilipigiwa simu na mama mmoja wa Pasua. Kabla hajasema neno nilishamsikia mwanawe, wa wiki tano. "Nesi, huyu analia tangu saa kumi na mbili. Amenyonya, nepi kavu, homa hana. Mama mkwe anasema nimeshamzoesha mikono, nimwache alie mpaka achoke."

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Moshi, mwaka wa kumi na nne huu, na hilo neno la mikono nalisikia kliniki karibu kila siku. Silikubali. Mtoto wa wiki tano hana akili ya kukupima. Anachojua ni joto lako, harufu ya maziwa na mwendo wa mwili aliokaa ndani yake miezi tisa.

Kilio cha jioni kina kalenda yake. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliwaomba akina mama 80 waandike kila siku watoto wao wamelia kiasi gani, akachapisha matokeo mwaka 1962. Watoto walikuwa wazima. Kilio kilipanda mpaka karibu wiki ya 6, wastani wa saa mbili na dakika 45 kwa siku, kikapungua baadaye, na kingi kilikuwa cha jioni. Huku kwetu tunasema mtoto ana chango. Wengi hutulia wakifika miezi mitatu au minne, ukitumia dawa au usitumie, na ndiyo maana kila dawa ya chango ina watu wanaoiapia. Mimi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimpa kijiko cha dawa ya dukani akiwa na wiki nne, nikiwa na cheti changu ukutani. Alilia vilevile, ila sasa alinuka bizari.

Sasa hiyo mikono. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, madaktari Hunziker na Barr wa Montreal, Kanada, waliwaomba akina mama wawabebe watoto wao angalau saa tatu kila siku, hata wakiwa wametulia. Walipofika wiki ya 6, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao ambao mama zao hawakuombwa hivyo. Lililonishika mimi ni hilo la kubebwa wakiwa wametulia. Sisi tunasubiri kilio ndipo tunanyanyua, na kufikia hapo kilio kimeshapanda. Kwa watoto ambao chango limeshawakolea, majaribio ya baadaye hayakuonyesha nafuu hiyo, kwa hiyo simuahidi mtu ukimya. Ila bibi wa Kibosho aliyekuwa akipalilia migomba na mtoto mgongoni hakumbeba ili amnyamazishe. Alikuwa na kazi zake. Nilimwambia yule mama wa Pasua amuulize mama mkwe, kwa heshima, huyo mumewe alilelewa wapi kama si kwenye mbeleko.

Kwa mchanga kama huyo ninashauri mbeleko ya kifuani: miguu imekunjwa kama ya chura, shingo imeshikiliwa, kidevu hakijabanwa kifuani, pua unaiona. Kitenge kikifika usoni, kishushe. Na Julai hii ya baridi, kofia, sweta mbili na blanketi juu ya joto la kifua chako ni nyingi mno. Mguse mgongoni, akiwa na jasho vua moja. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa.

Akishaanza kulia, tembea. Hatua za kawaida, usimrushe-rushe. Watafiti wa Japani walilipima hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2022: dakika tano za kutembea, kisha kaa naye kimya dakika tano hadi nane kabla ya kumlaza. Wanaoamka kila wakiguswa na godoro, mara nyingi mama aliruka hizo dakika za kukaa. Kipimo changu ni mkono wake: unyanyue kidogo, uachie. Ukidondoka kama kitambaa kilicholowa, mlaze chali. Ukisita hewani, endelea kukaa.

Mlaze tumbo kwenye mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, wengine hutulia hapo hapo. Mcheulishe. Mpe titi tena hata kama amenyonya nusu saa iliyopita. Jioni wengi hunyonya kwa mfululizo, na hiyo haina maana maziwa yako yameisha. Maji ya sukari hapana.

Jambo moja linaniuma. Bado wapo wanaopeleka watoto wakang'olewe "meno ya plastiki" au kukatwa kimeo kwa sababu wanalia na kuharisha. Yale meupe kwenye ufizi ni meno yenyewe yanayojitayarisha. Nimewaona wakirudi na damu na usaha.

Hospitali nenda siku hiyo hiyo ikiwa hajafikisha miezi mitatu na joto limefika 38, au amekataa titi, anatapika kijani, utosi umevimba, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, ana degedege, amelegea, au kilio chenyewe kimebadilika kikawa chembamba cha ajabu.

Na ukihisi mikono yako inataka kumtikisa, mlaze chali kitandani mahali salama, funga mlango, toka uani dakika kumi, umwite jirani. Kumtikisa kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa. Kulia dakika kumi peke yake hakumdhuru.

Mama wa Pasua alipiga tena jana.

"Bado analia, nesi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu." Nyuma nilisikia sauti ya mtu mzima ikiimba Kichaga, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. "Huyo ni mama mkwe. Amenipokonya mbeleko."