Mtoa huduma hakupi utambulisho

"Una NIDA?", yaani una namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ni swali la kila wakala wa laini za simu Tanzania, na kila mtu analielewa. Sina ugomvi nalo. Kilichoniuma ni jibu nililolisikia juzi kwenye kibanda cha usajili. Fundi uashi mmoja, vidole vimelika kwa saruji, aliweka kidole mara tatu na mashine ikagoma. Akaambiwa, "Baba, wewe huna utambulisho." Na namba yake ya tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe yake ya kuzaliwa, ilikuwa mkononi mwake, imeandikwa kwenye karatasi.

Utambulisho wa kidijitali ni taarifa zinazomtofautisha mtu na wengine wote, zilizohifadhiwa ili mtambo uweze kuzihakiki bila karani kufungua jalada.

Tatizo liko kwenye maneno. Kutambua ni kujua kuwa huyu ndiye. Kutambulisha ni kumfanya mtu ajulikane. Hapo tunapata kitambulisho, kwa ki- ya vyombo: ni kadi, inapotea, inachanika. Utambulisho, kwa u-, ni hali yenyewe, na haipotei kadi ikipotea. Kuthibitisha lakini ni neno la ukoo mwingine. Limetoka Kiarabu, ndugu wa thabiti, yaani imara. Anayethibitisha hamfanyi mtu ajulikane. Anahakikisha kwamba lililokwisha kusemwa juu yake linasimama.

Kampuni ya simu iko upande huo wa pili, wa kuthibitisha. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, kazi yake ni kuuliza: wakala anapokea namba na kidole, mfumo wa kampuni unaupeleka ujumbe NIDA, NIDA inalinganisha na alama ilizonazo, jibu linarudi. Benki inapohakiki mteja kwa njia hiyo nayo inauliza vilevile. Kidole kisiposomeka, swali ndilo halikufika vizuri.

Kwa hiyo, ndugu wakala, mashine ikigoma mwambie mteja, "Alama hazijasomeka, tujaribu kidole kingine." Na zikikataa zote, mwambie uthibitisho umeshindikana, kisha umwelekeze ofisi ya NIDA ya wilaya. Utambulisho yule fundi anao, tangu siku alipopewa ile namba.