"Nichome Sindano Nimalizie": Dhana Potofu za Waendesha Baiskeli Wanaokaribia Arusha

Misafara ya baiskeli inayotoka Dar es Salaam kuja kaskazini ikilala Moshi, ombi ninalolipata ni lile lile: "Dokta, nichome sindano tu, imebaki siku moja." Wanalisema vijana, wanalisema wazee wenye wajukuu, na wageni nao wana namna yao ya kulisema. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kuchoma sindano ya maumivu si kazi yangu. Hata ingekuwa kazi yangu nisingechoma, na nataka kueleza kwa nini, maana wengi wa hao hao hurudi kwangu wiki kadhaa baadaye wakiwa hawawezi kuchuchumaa.

"Maumivu ukiyazima, utamaliza salama"

Dar hadi Arusha kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Moshi ni zaidi ya kilomita 600. Sasa piga hesabu ya goti. Mtu anayekanyaga mizunguko 80 kwa dakika anakunja kila goti mara 4,800 kwa saa. Akikaa kwenye siti saa tano kwa siku, ni mara 24,000. Goti lililoanza kulalamika Mombo, likaendelea kuuma Hedaru, likavimba Mwanga, haliwezi kuitwa goti lililoumia leo. Lina siku tatu za kusugua pale pale palipokwisha kuumia. Mwenyewe akifika Moshi ananiambia "limeanza asubuhi hii", kwa sababu asubuhi hii ndiyo limemzuia kushuka ngazi za gesti.

Diklofenaki na ibuprofen, dawa za kutuliza maumivu, hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Hilo ni sahihi, na zina mahali pake. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo ndizo zinazosaidia mishipa ya figo ibaki wazi pale mwili unapopungukiwa maji. Mtu aliyevuka tambarare ya Makanya na Same juani, aliyekojoa mara moja tangu alfajiri, na mkojo wenyewe una rangi ya chai ya rangi, figo zake zinaishi kwa msaada huo. Ukimeza vidonge viwili au ukachomwa sindano ukiwa katika hali hiyo, umeukata msaada wakati unaohitajika kuliko wakati wowote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia wakimbiaji 89 wa mbio ndefu. Waliopewa ibuprofen, 52 kati ya kila 100 walionyesha dalili za figo kuumia. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 34 kati ya kila 100. Hao ni watu wenye afya na mazoezi ya kutosha, kama wewe.

Huo ni upande wa figo. Upande wa goti, maumivu ndiyo kitu pekee kinachokufanya ukanyage taratibu. Ukiyazima, unarudi kwenye gia nzito na kuikanyagia kano ambayo tayari imechanikachanika. Kano, zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo kuliko misuli yenyewe, ndiyo maana hupona polepole. Kinachohitaji siku chache za kupumzika kinageuka kazi ya miezi. Naambiwa sana, "Mbona rafiki yangu alichomwa mwaka jana na akamaliza?" Ni kweli alimaliza. Kumaliza hakujawahi kuwa kipimo cha goti.

Mtu wa goti akija kwangu, kitu cha kwanza ninachoomba ni baiskeli yake. Wanashangaa, wengine wanakasirika kwa sababu wamelipia kuguswa goti. Lakini maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti (kile kifupa cha duara), mara nyingi yanatokana na siti iliyo chini mno. Maumivu ya nyuma ya goti, siti iko juu mno. Ya upande wa nje, naangalia jinsi unyayo unavyokaa juu ya pedali, hasa kwa wenye viatu vya kunasa. Na hapa kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelifikiria: siti hushuka njiani. Matuta yanatikisa, boliti inalegea, bomba la siti linazama milimita mbili leo na mbili kesho, na mwendeshaji hahisi kwa sababu anashuka nalo. Anafika Moshi siti ikiwa sentimita nzima chini ya pale ilipokuwa Dar, kisha analaumu umri.

Kwa hiyo, tafadhali, kabla hamjaondoka Dar zungushia tepu nyeusi ya umeme kwenye bomba la siti, pale linapoingia kwenye fremu. Kila jioni itazame. Ikianza kumezwa na fremu, pandisha siti na ukaze boliti. Kupima kimo sahihi hakuhitaji mashine. Mwenzako ashike baiskeli, ukae, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kuegemea upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotakiwa.

Jambo la pili ni gia. Wanaume wenzangu hasa, acheni kupanda vilima kwa gia nzito ili muonekane mna nguvu. Ukikanyaga mizunguko 50 kwa dakika kwa kusukuma, pia ya goti inakandamizwa kwa nguvu kubwa mno kila mzunguko. Shusha gia, zungusha haraka, mwache aliye mbele aende zake.

Goti likiwa limevimba wazi, linakwama, au halikubali uzito, panda gari la msaada. Watu wazima wanalia mbele yangu kwa sababu ya gari hilo, na nawaelewa, wamejiandaa kwa miezi. Hata hivyo nawaambia wapande. Parasetamo ya kukusaidia kulala usiku, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, sina ugomvi nayo. Ya kumezwa alfajiri ili upate kuendesha, sikubali.

"Goti likivimba, likande kwa maji ya moto na ulichue"

Uvimbe mpya unataka baridi. Chupa ya maji kutoka kwenye friji, izungushie kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu ya mto. Kuchua kwa nguvu goti lililojaa maji kunaongeza jeraha. Maji ya moto yaache kwa ajili ya mgongo na mapaja yaliyokaza.

"Kunywa maji mengi kadri tumbo litakavyobeba"

Nimetoka kusema watu wanakaukiwa, na ndiyo, wengi wanakaukiwa. Lakini ndani ya kundi hilo hilo kuna mwingine anayekunywa chupa baada ya chupa bila kiu kwa sababu kiongozi wake amemtisha. Maji matupu yakizidi, sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi, inashuka kwenye damu, ubongo unavimba. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete inabana, kisha kuchanganyikiwa. Wenzake wakimwona hivyo wanadhani ni jua, wanamwongezea maji. Watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston mwaka 2002 na kukuta 13 kati ya kila 100 sodiamu yao imeshuka chini ya kiwango. Wengi wao walikuwa wamekunywa hadi uzito wao ukaongezeka mbioni.

Kunywa ukisikia kiu, na kula chumvi kwenye chakula. Hapa nitapigia debe mtori. Jioni ya mwisho Moshi, badala ya chipsi mayai, agiza bakuli la mtori: ndizi zinarudisha nguvu kwenye misuli, nyama inakarabati, mchuzi una maji na chumvi pamoja. Anayetapika au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali, asipewe chupa nyingine.

"Vidole vimekufa ganzi, ni baridi yabisi"

Hapana. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete inatoka kwenye neva inayopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, ambayo imekandamizwa na usukani siku nzima. Badilisha mkao wa mikono kila baada ya dakika chache, legeza viwiko, vaa glovu zenye pedi, na kama siti imeinama mbele iweke sawa ili uzito usimiminikie mikononi. Ganzi inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya safari. Ukiona huwezi kufunga vifungo vya shati au kushika kalamu, usisubiri, njoo hospitali.

"Vaa chupi ndani ya kaptura ya baiskeli, ndiyo usafi"

Mshono wa chupi ndio unaokuchuna. Kaptura yenye pedi huvaliwa peke yake, hufuliwa kila jioni, na kama haijakauka unavaa ya pili. Jipu likishatokea usilitumbue gesti.

"Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 tu, ni ya kupunga mikono"

Dhana hii inanitia wasiwasi kuliko zote kwa sababu inaumiza watu ambao hawakuwa na tatizo lolote. Moshi iko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha iko karibu mita 1,400. Mnatoka mjini, mnateremka bonde la Kikafu lenye kona na malori, mnapanda upande wa pili kuelekea Boma Ng'ombe. Kutoka njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kupitia Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, sehemu kubwa ni kupanda, tena kupanda kwa aina ile isiyoonekana kwa macho. Unaona barabara imenyooka, unajiuliza kwa nini miguu imekwisha. Ongeza mabasi ya asubuhi, Noah za abiria zinazosimama ghafla na bodaboda zinazokuja upande wako.

Na mwili unaoingia siku hiyo umelala vibaya karibu wiki nzima. Macho yanachelewa, mkono unachelewa kwenye breki, na hapo ndipo watu wanaanza kuendesha wawili wawili wakipiga picha. Mwendo wa tairi kwa tairi uliokuwa salama kule Korogwe si salama Tengeru. Wale wa msafara wa Cairo hadi Cape Town, ulioanza mwaka 2003, wakifika Arusha wako karibu na katikati ya safari yao, kwa hiyo wanapumzika, wanakagua cheni na raba za breki, wanafua. Wetu wakifika Moshi wanajiona wamekwisha kufika, hakuna anayegusa hata breki, na bonde la Kikafu linawasubiri asubuhi.

Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri. Breki zikaguliwe usiku wa kuamkia. Acheni nafasi ya baiskeli tatu kati ya mtu na mtu mnapoteremka Kikafu, mmoja nyuma ya mwingine, bila kupitana. Mlioteuliwa kuongoza, mwekeni aliyechoka zaidi mbele, mwendo uwe wake. Tengeru hadi mjini barabara ina njia nne na magari yanakimbia. Picha za pamoja zisubiri mpaka mmesimama.

"Nimetoka Dar kwa baiskeli, Kilimanjaro nitapanda bila kuzoea"

Hili linakuja na wale wenye tiketi ya lango la Marangu siku moja baada ya msafara. Kwanza, Moshi na Arusha hazikupi ugonjwa wa mwinuko. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, hivyo kizunguzungu ulichopata Usa River kina sababu nyingine, mara nyingi ni njaa. Pili, pumzi ya baiskeli haikukingi mlimani. Mwili unazoea hewa nyembamba kwa kukaa juu usiku kadhaa na kuongeza kimo kidogo kidogo, na mwendesha baiskeli mwenye mapafu bora anaumwa sawa na karani asiyefanya mazoezi. Mara nyingine anaumwa zaidi, kwa sababu ana nguvu za kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Pumzika Moshi siku mbili tatu kabla ya kwenda. Chagua ratiba yenye siku nyingi zaidi unazoweza kulipia, kwa sababu kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila usiku wa ziada una faida. Kichwa kikianza kuuma na ukatapika ukiwa kambi ya Kibo, mita 4,700, mwambie kiongozi wako usiku huo huo na ukubali kushuka naye.