Kompyuta ya nyumbani kuwa lango la waifai: yanayosemwa na yalivyo

"Kompyuta yoyote yenye waifai inaweza kugawa intaneti." Dhana hii imepotezea watu usiku mzima. Kadi ya waifai, yaani kipande cha kompyuta kinachonasa mawimbi, kupokea waifai ni jambo moja, kurusha waifai ili wengine wajiunge ni jingine, na si kila kadi inaliweza. Kwenye Linux andika amri iw list, kisha tafuta neno AP (access point, yaani kituo cha kurusha waifai) katika orodha ya kazi ambazo kadi inazikubali. Lisipokuwepo, acha kuhangaika na mipangilio, tafuta kadi ya USB inayoweza. Na hata likiwepo, kadi nyingi za laptopu hurusha kwenye masafa ya gigahezi 2.4 tu na kugoma kwenye 5.

"Ukishawasha, intaneti inajigawa yenyewe." Kwenye Windows 10 na 11 ni kweli kiasi: hotspoti yake hujipanga, ikapokea vifaa hadi 8. Kwenye Linux kazi ni tatu, kila moja na mwenyewe. Programu ya hostapd hurusha jina la mtandao na kukagua nywila. Nyingine, dnsmasq, huipa kila simu anwani ya IP, yaani namba yake ya utambulisho mtandaoni. Ya tatu ndiyo husahauliwa: kompyuta yenyewe kukubali kupitisha data za wengine. Mpangilio wake, ip_forward, kwa kawaida huwa 0, lazima uifanye 1, kisha uweke kanuni ya masquerade. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, hazipiti kwenye intaneti, kwa hiyo kwa kanuni hiyo kompyuta huziandika upya kwa anwani yake kabla ya kuzitoa nje. Simu ikisema imeunganishwa lakini haina intaneti, anza kutafuta kosa hapo.

"Kadi moja inatosha." Inawezekana kwa baadhi ya kadi, ila redio hiyohiyo itapokea na kurusha kwa zamu, na kasi itashuka. Ni heri intaneti iingie kwa waya au modemu ya USB, waifai ibaki ya kutoa tu.

"Nimeficha jina la mtandao, niko salama." Simu yako hulitaja jina hilo hewani kila inapojiunga, na mwenye programu ya kunasa mawimbi hulisoma. WEP, ulinzi wa zamani wa waifai, nayo ilivunjwa tangu 2001. Weka ulinzi mpya zaidi, WPA2 au WPA3, wenye nywila ndefu, basi.

"Kompyuta ya zamani ni ya bure." Umeme je? Ya mezani inayokula wati 60 mchana na usiku humaliza yuniti kama 43 kwa mwezi, wakati ruta ya wati 8 haifiki 6. Ndiyo maana mimi napendelea laptopu kuukuu ambayo betri yake bado ina uhai: hula kidogo, na umeme ukikatika yenyewe na modemu iliyochomekwa huendelea kufanya kazi, nyumba nzima ikiwa gizani.