Gemu yenye 9 kwa 10 ni nzuri kwa kila mtu?

Kwenye vibanda vya gemu vya Chikongola, Mtwara, na hata Lindi mjini, wengi huamini kwamba gemu iliyopewa 9 kwa 10 na wachambuzi ni nzuri bila shaka, na yenye 6 ni ya kutupa.

Imani hiyo inaeleweka, hasa kwetu watu wa kusini tuliozoea madaraja ya korosho. Ghalani korosho hukatwa, kiini kikaangaliwa, unyevu ukapimwa kwa kifaa. Mwingine akirudia atapata jibu la karibu na lile. Alama ya gemu haina kifaa. Ni maoni ya mtu, yamefupishwa kuwa namba. Mara nyingi mchambuzi hupewa nakala bure kabla gemu haijatoka. Hilo peke yake si rushwa, lakini huenda alichezea kompyuta yenye nguvu kuliko yako, na masahihisho ya baadaye ya watengenezaji yakaibadilisha gemu ile ile. Alama zinazotolewa na wachezaji wenyewe nazo huweza kushushwa kwa makusudi na kundi lililokasirishwa na bei.

Tafadhali, kabla hujamaliza bando kupakua GB 60, soma maneno yanayoambatana na namba. Mchambuzi amechezea mashine gani? Lini? Aliimaliza? Mimi huanza na aliyeichukia: akilalamika kwamba ni ndefu na ngumu, na wewe ndivyo upendavyo, 6 yake ni habari njema kwako. Kisha tazama video isiyokatwa, dakika kumi tu, mtu akicheza.