Usizitegemee Akili Zako: Mithali 3:5 Inakataza Nini Hasa

Mtu ana mkataba wa kazi mkononi. Ni wa miezi sita, mwajiri hamjui vizuri, na tarehe 5 ya kulipa kodi ya nyumba inakaribia. Baada ya ibada anamwuliza ndugu mmoja kama asaini. Anajibiwa, “Usizitegemee akili zako mwenyewe. Wachia Mungu.” Basi anaukunja mkataba, na kile kipengele kinachosema mshahara wa mwezi wa kwanza utashikiliwa kinabaki bila kusomwa. Jibu hili limezoeleka mno Nairobi, kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba na kwenye makundi ya WhatsApp, hadi mstari wenyewe unasikika kama katazo la kufikiri.

Mstari wenyewe, Mithali 3:5, unasema: “Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe.” Maana ya kumtumaini Mungu ni fupi. Ni kuuweka uzito wa maisha yako juu yake, hasa pale usipoona mbele, na kuendelea kutembea ukimtii. Kinachosumbua ni kitenzi kinachofuata katika mstari huo, “usizitegemee”.

“Tegemea” ya leo imepanuka. Tunategemea mvua, tunategemea wageni, tunategemea mshahara. Kwa hiyo msomaji akisikia “usizitegemee akili zako” anaelewa “usizitumie”. Kiebrania cha mstari huo kina kitenzi sha'an, nacho ni cha mwili: kuegemea, kuweka uzito wako juu ya kitu kiasi kwamba kikiondoka unaanguka. Ndicho kinachotumika kwa Sauli alipokuwa ameegemea mkuki wake mlimani Gilboa, katika 2 Samweli 1:6. Ndicho anachotumia Samsoni katika Waamuzi 16:26, akimwomba yule kijana amwache aziguse nguzo za nyumba ili aziegemee. Kiswahili kina neno hilo tayari, egemea, na ukilisoma hapo mstari unanyooka.

Mlango wa matatu ya abiria 14 una kazi kubwa: hapo ndipo mnapoingilia na kutokea. Lakini gari likishika kasi Jogoo Road, makanga atakuambia usiuegemee, kwa kuwa komeo lake halikutengenezwa kubeba mtu. Hajakukataza kuutumia mlango. Ukifika kituoni utaufungua na kushuka.

Sura inayofuata inalithibitisha hili. Neno lililotafsiriwa “akili” katika 3:5 ni binah. Katika 4:7 mwana anaagizwa ajipatie “ufahamu” kwa mapato yake yote, na neno la Kiebrania hapo ni binah vilevile. Sura moja inakataza kuiegemea, nyingine inaamuru kuitafuta hata kwa gharama. Anayenukuu ya kwanza bila ya pili amempokonya ndugu yake kitu ambacho Mungu amemwagiza akitafute.

Nalo “tumaini” lina historia yake. Lilitujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutulia, kuondokewa na wasiwasi. Sisi tumelipunguza. “Natumaini mvua haitanyesha” ni tamanio tu, na mtu anaweza kusema “natumaini Mungu atafungua njia” kwa sauti hiyohiyo, bila kuwa ameweka uzito wowote popote. Mithali 3 haizungumzii matamanio. Kitenzi chake ni batach, kujisikia salama kwa sababu ya yule uliyemkabidhi mambo.

Hata hivyo utulivu una mtego wake. Batach hiyohiyo inatumika katika Yeremia 17:5 kwa mtu anayemtumaini mwanadamu, naye amelaaniwa, na katika 17:7 kwa anayemtumaini BWANA, naye amebarikiwa. Wote wawili wanajisikia salama. Ndiyo maana “nina amani na jambo hili”, maneno yanayomaliza mijadala mingi kanisani, hayatoshi kuwa kipimo. Yona alikuwa anamkimbia Mungu, akalala usingizi mzito chini ya merikebu huku dhoruba ikiipiga. Bwana Yesu akiwa Gethsemane, katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, alihuzunika kiasi cha kufa. Ukipima kwa amani ya moyo peke yake, Yona ndiye aliyekuwa kwenye njia sahihi.

Mstari wa 6 unaahidi kwamba Mungu “atayanyosha mapito yako”. Hausemi ataionyesha ramani yote. Pito ni njia inayopitwa, kwa hiyo mwenye kuahidiwa ni mtu aliye mwendoni. Kitenzi cha kunyosha ni kilekile cha Isaya 40:3, pale njia kuu inaponyoshwa jangwani. Anayekumbuka Thika Road kabla haijafunguliwa 2012 anajua barabara inavyonyoshwa: vumbi, michepuko, foleni, na siku ambazo huwezi kusema kama kinachoendelea ni kujenga au kubomoa. Shida njiani haitoshi kuwa ushahidi kwamba Mungu ameondoka.

Ukitaka kuona uongozi huu ukifanya kazi, soma Matendo 16 polepole, kuanzia mstari wa 6. Paulo na wenzake wanazuiwa kuhubiri Asia, jimbo la Kirumi la wakati huo, si bara zima. Wanajaribu kwenda Bithinia, wanazuiwa tena. Hawajaambiwa waende wapi, wanajua tu wasikokwenda, na hawarudi nyumbani kukaa. Wanateremka mpaka Troa. Usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia. Mwenye maono ni mmoja, lakini mstari wa 10 unageuka kuwa wa wingi: “sisi” tulihitimisha kwamba Mungu ametuita. Kitenzi cha Kigiriki hapo kina maana ya kuunganisha vipande. Walichukua milango miwili iliyofungwa, maono ya mwenzao, na mahali walipokuwa wamesimama, bandarini, wakayaweka pamoja kwa akili zao. Kisha wakapanda meli, na huko Filipi wakachapwa bakora na kutiwa gerezani.

Kwa mwenye mkataba, mambo yanakwenda vivyo hivyo. Kwanza atenge yale ambayo Mungu ameshayasema: kazi inayodai utoe hongo au udanganye haihitaji kesha la maombi, jibu lipo. Yaliyobaki ayaandike kwa sentensi moja yenye tarehe: “Je, nisaini kabla ya Ijumaa?” Swali lisilo na tarehe huzunguka mwezi mzima na kuitwa kungoja. Aombe, kisha asome kila ukurasa, apige hesabu ya nauli na kodi, aulize watu wawili watatu wanaoijua kazi hiyo na wasiofaidika na jibu lake; Mithali 15:22 inasema makusudi hubatilika pasipo mashauri. Asiamue akiwa na njaa au amekesha. Eliya alipotaka kufa, katika 1 Wafalme 19, alilazwa na kulishwa mara mbili kabla ya kusemeshwa pale Horebu. Na asitafute ishara ili kukwepa kusoma: Gideoni alipotandaza ngozi ya kondoo alikuwa ameshaambiwa la kufanya, naye mwenyewe anakiri hivyo katika Waamuzi 6:36. Ijumaa ikifika, aamue, na uamuzi huo aukabidhi kwa Mungu, pamoja na sehemu ambayo hesabu zake hazikuweza kuifikia.

Yule ndugu aliyeulizwa baada ya ibada hakukosea kutaja mstari. Aliukatiza mapema tu. Angeweza kusema, “Keti hapa, tuombe. Halafu ufungue, tuusome pamoja kuanzia ukurasa wa kwanza.”