Makato yapo, lakini pensheni je?

Kazi yangu ni kuandaa mishahara ya kampuni mbalimbali hapa Dar es Salaam, na bado nasikia watu wakisema pensheni ni ya watumishi wa serikali. Si kweli. Sheria inamtaka mwajiri wa sekta binafsi amwandikishe mfanyakazi wake NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Ila ukitaka kujua nani anaipata kweli, niambie kwanza anafanya kazi gani.

Mwalimu na nesi wa serikali wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya mifuko ya zamani ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kuunganishwa. Wao hukatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. Kwa mshahara wa 600,000 ni 30,000 yako na 90,000 ya mwajiri. NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10, yaani 60,000 kila upande. Benki, kampuni za simu na migodi mikubwa hazina shida sana. Mikataba ipo na wakaguzi wanapita.

Nenda sasa kwenye ujenzi. Msimamizi ana kaunta buku: jina, siku, sahihi, hela mkononi jioni. Kuna fundi namfahamu, amepandisha maghorofa Kariakoo tangu ujana wake na hana hata namba ya uanachama. Mchimbaji mdogo wa Geita analipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, sasa nani amkate? Dada wa kazi za ndani naye ni mwajiriwa kabisa, lakini mabosi wengi hawajawahi hata kuwaza kumwandikisha.

Kinachoniuma zaidi ni kazi za msimu. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi 180. Mkata miwa anayepata kazi miezi 5 kwa mwaka ataifikisha baada ya miaka 36, hata kama mwajiri hakuruka mwezi wowote.

Halafu kuna wanaokatwa na hela haifiki. Mlinzi mmoja aliniletea slipu 26 za mshahara ndani ya bahasha ya kaki, zote zina makato. Taarifa ya mfuko ilionyesha michango ya miezi 9. Tulikaa mezani tukaziweka alama moja moja, mwezi kwa mwezi, akaenda nazo ofisi ya mfuko kudai ile 17. Bila zile karatasi angekuwa na maneno matupu. Wewe slipu zako ziko wapi?